Rumble Roses: gemu ya kina dada iliyotengenezwa kwa ajili ya kina kaka

Tuelewane mapema, kabla hamjaanza kunitumia meseji. Rumble Roses si gemu nzuri kwa maana wanayoitumia wachambuzi wa gemu. Ni gemu ya mieleka ya wanawake watupu, na hilo neno "watupu" lichukue kwa maana zake zote mbili, au tuseme moja na nusu, maana kitambaa kilichowavalisha wale dada wote kwa pamoja hakitoshi kushona sare ya mwanafunzi mmoja wa sekondari. Ilitoka kwa Konami, kampuni ya Japani, kwa ajili ya PlayStation 2. Wamarekani waliipata Novemba 2004, Wajapani wenyewe Februari 2005. Humo ndani kuna ninja wa kike, kuna nesi katili, kuna mwalimu wa shule, kuna mechi zinazopigwa kwenye dimbwi la tope. Hadithi yake ukimsimulia mama yako atakuuliza kama umekula.

Nami naipenda. Nimeipenda tangu nikiwa darasa la tano, na leo nipo mwaka wa tatu, nimeshamaliza kozi mbili za masuala ya jinsia, ya tatu naikimbiza, na bado naipenda. Mwenzangu mmoja wa semina aliposikia hivyo aliuliza swali ambalo naona ni la haki kabisa: mtu anayechukua dakika kumi kila wiki kutueleza jinsi kamera zinavyomtazama mwanamke, anawezaje kuikumbuka kwa upendo gemu ambayo kamera yake haina adabu hata chembe? Jibu lake ni refu, halitoshei kwenye semina, ndiyo maana nimeomba kurasa hizi.

Nianze na mieleka yenyewe, kwa faida ya waliokua bila televisheni ya jirani. Mieleka ya kwenye TV ni igizo. Nani atashinda kumepangwa kabla, ingawa kuanguka ni kuanguka kweli na mgongo ni mgongo. Kwa kuwa ni igizo, kila mchezaji ana upande wake. Wamarekani wana majina yao ya pande hizo. Sisi tulishapewa yetu na vibanda umiza, tena mazuri zaidi: steringi na adui. Steringi anapigwa sana mwanzoni, halafu anaamka. Adui anacheka kicheko kirefu, anamziba mwamuzi macho, anavuta nywele. Na uzuri wote wa mieleka upo hapa: mtu anaweza kuhama. Leo ni steringi, mwezi ujao anamgeuka rafiki yake kipenzi, anamtwanga kiti cha mgongo mbele ya umma, amekuwa adui. Watu waliovaa fulana yenye jina lake wanamzomea hadi sauti zinakauka.

Rumble Roses imejengwa juu ya kuhama huko. Wapiganaji wake ni 11, na kila mmoja ana sura ya pili ambayo ni mtu mwingine kabisa, mwenye jina lake, mavazi yake, mapigo yake na tabia yake. Dixie Clemets ni binti wa Texas mwenye kofia ya wachunga ng'ombe, mchangamfu kama jirani anayekuletea ugali wa moto. Akigeuka anakuwa Sajenti Clemets, mwanajeshi asiyecheka na mtu. Aigle anatoka kwenye nyika za Mongolia. Akigeuka anaitwa Great Khan. Wengine wanaanzia uovuni. Anesthesia, yule nesi katili, upande wake mwema ni Dokta Cutter. Bloody Shadow, ninja wa damu, akiokoka anaitwa Judgment.

Kuokoka ndilo neno lenyewe, maana mfumo unaowageuza ni wa nadhiri. Kabla ya mechi mchezaji anaweza kuweka nadhiri ya namna atakavyopigana, kwa usafi au kwa hila. Akiitimiza, kipimo chake kinasogea upande huo. Ukipigana kwa uungwana mechi baada ya mechi, adui wako anaanza kusafika. Ukizoea kuvunja sheria, steringi wako anachafuka, na siku moja anatokea mlangoni mtu usiyemjua. Sijui gemu nyingine ya zama zile ambayo ilimfanya mtoto wa miaka kumi na moja akae afikirie kama anataka kushinda au anataka kubaki mwema. Gemu nyingi zilituuliza swali la kwanza tu.

Sasa hadithi. Reiko Hinomoto ni mwanamieleka kijana. Mama yake alikuwa mwanamieleka pia, ameshafariki. Dada yake, Fujiko, amepotea. Yanatangazwa mashindano makubwa ya wanawake, Reiko anaingia, na huko anakutana na mpiganaji wa giza anayeitwa Evil Rose. Mshaelewa. Evil Rose ndiye Fujiko, kafutwa akili, hamjui mdogo wake. Na mashindano yenyewe ni mtego: yule nesi anakusanya vinasaba vya wanawake wenye nguvu kuliko wote ili kutengeneza askari wasioshindika, na mwisho wa njia anakusubiri Lady X, nusu mtu nusu mashine. Nimesema mama yako atakuuliza kama umekula.

Ila humo humo kuna kisa cha Candy Cane na Miss Spencer, na hiki kilinishika kuliko tamthilia yoyote niliyowahi kuangalia. Candy Cane ni mwanafunzi mtukutu, rangi kichwani, gitaa, maneno makali. Anaingia ulingoni kwa sababu anataka hela ya kuokoa kituo cha watoto yatima. Miss Spencer ni mwalimu wake. Anasikia mwanafunzi wake ametoroka shule na yuko kwenye mashindano ya kupigana, na badala ya kuita mzazi, anaingia yeye mwenyewe kwenye mashindano ili amfuate hadi amrudishe. Mwalimu! Anamfuata mwanafunzi mtoro hadi ulingoni, anambwaga, wanaelewana. Nilikuwa nasoma kwenye darasa la wanafunzi zaidi ya mia moja. Wazo kwamba mwalimu angeweza kugundua kuwa haupo lilikuwa la kinjozi kuliko ninja.

Wachambuzi wa nje wana msamiati wao kwa kazi za aina hii, zinazozidisha kila kitu na zinajua kuwa zinazidisha. Mimi nadhani Kiswahili cha pwani kilishamaliza kazi hiyo zamani: mashauzi. Aliyewahi kukaa kwenye ukumbi wa taarabu ananielewa. Mwimbaji anapanda na gauni linalohitaji mlango wa pande mbili, nyusi zimechorwa upya, na anamwimbia mbaya wake aliyekaa meza ya tatu bila kumtaja jina. Hakuna anayesema "huyu amezidisha." Kuzidisha ndiyo shughuli iliyomleta. Watu wanainuka kwenda kumtunza. Rumble Roses ina roho ileile. Kila mpiganaji anaingia kwa wimbo wake, anatembea kana kwamba ukumbi mzima ni wake, anarusha tambo. Sauti zimeigizwa kwa Kiingereza kibovu cha makusudi au cha bahati mbaya, na hadi leo sijaamua ni kipi kati ya hivyo viwili. Yote ni mashauzi, na mashauzi hayaombi radhi.

Niwapeleke sasa mahali nilipoichezea, maana bila mahali hapo jibu langu halisimami. Tandika, Dar es Salaam, banda la mabati lenye televisheni tatu na PlayStation 2 tatu zilizochezewa na fundi ili zisome CD za kuchoma. Mechi moja shilingi mia mbili. Anayefungwa anaachia pedi, anayeshinda anabaki. Televisheni mbili zilikuwa za Winning Eleven siku nzima, Jumatatu hadi Jumapili, na inafurahisha kujua kwamba Winning Eleven nayo ni ya Konami: kampuni iliyowapa kaka zetu mpira ndiyo iliyonipa mimi Rumble Roses. Televisheni ya tatu ilikuwa ya mchanganyiko. Hapo ndipo zilipowekwa gemu za magari, gemu za kung'ata meno, na CD moja iliyoandikwa kwa maka pen: WANAWAKE.

Nilikuwa natumwa kumwita kaka yangu chakula kikiwa tayari. Nikaanza kuchelewa kurudi.

Gemu hii Marekani ilipewa alama ya M, yaani kuanzia miaka 17. Kwenye banda letu hakuna aliyejua kuwa CD zina umri. Lakini aibu ilikuwepo, kwa namna yake. Mzee akipita njiani, kaka mwenye banda alikuwa anaigeuza ile televisheni ya tatu kidogo kuelekea ukutani. Wavulana walikuwa wanaicheza huku wakicheka sana, ule ucheko wa kuonyesha kwamba hawaichezi kwa dhati. Mechi ikiisha walikuwa wanarudi haraka kwenye mpira. Pedi ikabaki wazi. Na pedi iliyo wazi kwenye banda la gemu ni kitu ambacho msichana wa kule hakikuti mara mbili.

Hapo ndipo tulipoingia, mimi na binamu yangu, na baadaye wasichana wengine wawili wa nyumba ya nyuma. Wa kwanza kugombewa alikuwa Aisha. Ni msanii wa Marekani, anaimba, anacheza, ndiye mweusi pekee kwenye orodha nzima, na leo naweza kuwaandikia kurasa nne kuhusu kwa nini mweusi pekee lazima awe anaimba na kucheza. Wakati ule jina lilitosha. Mtaani kwetu Aisha walikuwa sita. Kuona jina la mtu unayechota naye maji limeandikwa kwenye kioo, na mwenye jina anampiga mtu kabali hadi anasalimu amri, ni jambo ambalo halikuhitaji nadharia.

Banda lilikuwa na memori kadi moja ya MB 8, mali ya mwenye banda, imejaa ligi za Winning Eleven hadi pomoni. Hivyo sisi hatukuwahi kuhifadhi kitu. Kila tulipokwenda tulianza upya: Reiko anafika, Reiko hajui dada yake yuko wapi, umeme unakatika. Zile sura za pili, ambazo zinahitaji nadhiri nyingi ili zifunguke, zilikuwa kwetu kama habari za mji wa mbali. Binamu yangu aliapa kuwa aliwahi kumwona Great Khan. Tulimbishia miezi mitatu.

Mnaweza kusema kulikuwa na gemu za mieleka za maana zaidi, za WWE, zenye majina tuliyoyajua kutoka kwenye TV. Zilikuwepo. Yuke's, studio ya Osaka iliyoshirikiana na Konami kwenye Rumble Roses, ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikitengeneza mfululizo wa SmackDown, na ukishika pedi unahisi undugu wao. (Watu wa Yuke's walikuwa na wazimu mzuri: mwaka 2005 walinunua sehemu kubwa ya hisa za New Japan Pro-Wrestling, kampuni halisi ya mieleka. Wamechoka kuiigiza, wakainunua.) Basi chukua SmackDown ya mwaka 2003, Here Comes the Pain, ambayo hadi leo wanaume wazima wanaizungumzia kama enzi ya dhahabu. Wanawake humo ni wachache, wamewekwa kandoni mwa jeshi la wanaume, na kuna mechi maalumu kwa ajili yao ambayo ushindi wake ni kumvua mwenzako nguo ya juu na ya chini. Hiyo ndiyo gemu iliyochezwa kwenye banda letu bila televisheni kugeuzwa ukutani. Haikuitwa CD ya aibu, kwa sababu Andateka alikuwepo.

Na kwenye mieleka halisi mambo yalikuwa hayo hayo. Trish Stratus na Lita walipopewa pambano kuu la kufunga kipindi cha Raw, tarehe 6 Desemba 2004, ilikuwa habari kubwa, na ilikuwa mwezi mmoja tu baada ya Rumble Roses kutoka Marekani. WrestleMania ilisubiri hadi Aprili 2019 ndipo wanawake, Becky Lynch, Charlotte Flair na Ronda Rousey, wakafunga onyesho kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo mwaka ambao mimi nipo Tandika na mia mbili yangu, mahali pekee nilipoweza kukuta dunia ya mieleka ambayo mwanamke hayuko kandoni, kwa sababu kando haipo, palikuwa kwenye ile CD ya aibu. Kila bingwa ni mwanamke. Kila adui ni mwanamke. Mwenye njama ni mwanamke, mwokozi ni mwanamke, na aliyeumizwa na anayelipiza kisasi ni mtu na mdogo wake.

Nilipofika chuo na kupata intaneti isiyohesabiwa kwa MB, niligundua kuwa dunia hiyo haikutoka kichwani mwa Konami. Japani ilikuwa nayo kweli.

Kampuni ya All Japan Women's Pro-Wrestling ilianzishwa 1968. Miaka ya 1970 ilikuwa na Beauty Pair, mabinti wawili waliopigana na kuimba, na waliouza nyimbo kama wasanii wengine. Miaka ya 1980 wakaja Crush Gals, Chigusa Nagayo na Lioness Asuka, nao wakaimba, nao wakajaza kumbi. Na kumbi hizo, hapa ndipo nilipokaa chini, zilijaa wasichana wa shule. Hawakuwa wanaume wenye macho. Walikuwa wasichana wa rika la sekondari, wakilia, wakipiga kelele, wakiwatupia wapiganaji wao riboni.

Adui wao alikuwa Dump Matsumoto. Mtafuteni picha zake. Mwili mkubwa, uso umepakwa rangi kama kinyago, mnyororo mkononi, na genge lake nyuma. Agosti 1985, Osaka, yeye na Chigusa Nagayo walipigana kwa makubaliano kwamba anayeshindwa ananyolewa palepale ulingoni. Chigusa alishindwa. Wakamnyoa mbele ya wasichana maelfu waliompenda, na kilio cha ukumbi ule ukikisikia kwenye kanda utadhani kuna msiba. Mwaka 2024 Netflix walitoa tamthilia nzima kuhusu maisha ya Dump. Na mmoja wa wafuasi wa genge lake, Bull Nakano, alikwenda hadi Marekani kupigana WWF, na Novemba 1994 akautwaa ubingwa wake wa wanawake, ingawa pambano lenyewe lilipigwa Japani.

Dunia ile haikuwa pepo. Kwa muda mrefu kampuni ilikuwa na desturi ya kuwastaafisha wapiganaji wakikaribia tu miaka 25, yaani ukiwa umeanza kuijua kazi vizuri unaambiwa uende ukaolewe. Lakini igizo lenyewe, lile la nafsi mbili, la rafiki anayegeuka, la adui mwenye rangi usoni ambaye unamchukia hadi unampenda, lilikuwa limeshaiva miaka ishirini kabla ya Rumble Roses. Konami walilikuta jikoni. Kilichobadilika ni meza. Chakula kilichopikwa kwa ajili ya wasichana wa shule wa Japani kikapakuliwa kwa wanaume, na kamera ikashushwa chini. All Japan Women ilifungwa Aprili 2005, miezi miwili baada ya gemu kutoka nchini kwao. Siwezi kuitazama ratiba hiyo bila kukunja uso.

Kwa hiyo sitetei. Kamera ya Rumble Roses ni ya hovyo. Kuna sehemu ya matunzio ambayo kazi yake yote ni kuwatazama wapiganaji wakiwa hawafanyi lolote. Kuna mishiko iliyobuniwa kwa lengo la kumwaibisha mpinzani, ina kipimo chake maalumu, na mabinti wanaoibuni hawapo, walioibuni unawajua. Mechi ya tope haihitaji maelezo. Na mambo hayo yalikuwa na bei, nikiwa mimi ndiye niliyeilipa. Wavulana wakubwa waliokaa kwenye benchi walikuwa wanaipigia kioo kelele za aina fulani, na siku moja nilipoinuka kwenda zangu mmoja wao alinipigia kelele zilezile, akiniambia ninafanana na nani kati ya wale. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sikurudi kwa karibu mwezi mzima, na niliporudi nilikwenda na binamu yangu, na tukakaa karibu na mlango. Mwenye banda alisikia siku ile. Aliendelea kuhesabu chenji.

Lakini sikilizeni jambo hili, maana ndilo lililonifanya niandike. Benchi na pedi ni vitu viwili tofauti. Aliyekaa kwenye benchi anapata onyesho: mwili, nguo, tope. Aliyeshika pedi hana muda wa onyesho. Macho yake yapo kwenye umbali kati ya mabega mawili, kwenye mguu wa mpinzani unaoanza kunyanyuka, kwenye ile sehemu ya sekunde ambayo ukibonyeza mapema umekosa na ukibonyeza kwa kuchelewa umeshabwagwa. Mkono umeshikwa, je, anavuta au anazungusha? Nina nguvu za pigo kubwa, nilitumie sasa au nimsubiri ainuke? Nguo hazimo kabisa kwenye hesabu hiyo. Ninaweza kuwaambia Aisha anakamata vipi na anageuza vipi. Rangi ya vazi lake la kwanza ilibidi nikaitafute juzi.

Oktoba 2019 WWE walipiga mechi yao ya kwanza ya wanawake nchini Saudi Arabia, mjini Riyadh, Natalya dhidi ya Lacey Evans, wote wawili wamefunikwa mwili kuanzia shingoni hadi miguuni. Niliitazama kwenye simu. Ilikuwa mieleka. Kabali ni kabali, mtama ni mtama, watu walishangilia kuanguka na kuinuka. Mazungumzo yote kuhusu nguo, ziwe chache au nyingi, ni mazungumzo ya benchi.

Konami walitengeneza gemu ya benchi, wakalazimika kuweka pedi kwa sababu gemu haiuziki bila pedi, na kupitia upenyo huo wasichana wanne wa Tandika tukaingia. Naipenda kwa ajili ya upenyo. Kinachonivutia nikikumbuka si kwamba kampuni ilituwazia mema, haikutuwazia kabisa. Hatukuwemo kwenye ramani ya soko lake kwa umri, kwa jinsia wala kwa nchi, na CD yenyewe ilikuwa ya kuchoma.

Walichokifanya baadaye kinaonyesha kuwa wao wenyewe hawakuelewa walikuwa wameshika nini. Mwaka 2006 walitoa Rumble Roses XX kwa ajili ya Xbox 360. Picha zilikuwa safi mara kumi, ngozi zinang'aa, unaweza kucheza na mtu wa mbali kwa intaneti. Hadithi wakaiondoa. Fujiko hapotei tena, Miss Spencer hamfuati mtu. Wakabakiza walichodhani watu walikinunulia, na mfululizo ukaishia hapo. Nimeicheza kwa rafiki mwenye hiyo mashine, saa moja na nusu, nikamrudishia pedi yake. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi huku pedi ikiwa mkononi.

Kwa atakayetaka kujionea: ile ya kwanza ndiyo ya kutafuta, na mafundi wa mtaani bado wana PlayStation 2 zinazopumua. Nunua memori kadi yako mwenyewe. Anza na hadithi ya Miss Spencer, ni fupi na inakufundisha kubwaga. Weka nadhiri ya usafi mechi tano za kwanza hata kama unachapwa. Mechi ya tope iruke, mikono inateleza na haina ufundi. Na binamu yangu alikuwa mkweli, Great Khan yupo; nilimfungua mwaka jana, wiki ya mitihani, saa nane usiku, nikampigia simu Mbeya anakofanya kazi nikimwambia awashe kamera aone.